Uchambuzi: Vyuo vikuu vyetu vinajua vina kompyuta ngapi?

Usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 20, 2020, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, jengo ambalo kwa miongo kadhaa picha yake imekuwa ndiyo sura ya chuo hicho kongwe. Ndani yake mlikuwa na ofisi za fedha na za kumbukumbu za wanafunzi. Kulipopambazuka, huku zimamoto wakiwa bado wanamwaga maji, wahitimu wengi walikuwa na swali moja tu: je, matokeo yetu yamesalimika?

Uongozi wa chuo uliutuliza umma kwa kueleza kwamba data muhimu zilikuwa na nakala rudufu, yaani nakala ya pili inayotunzwa mahali pengine kwa ajili ya siku kama hiyo. Jengo lenyewe limejengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024.

Miaka mitatu kabla ya moto huo, kumbukumbu zizo hizo zilikuwa zimekabiliwa na hatari ya namna nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2017, mahafali yakiwa yamekaribia, Makerere iliwasimamisha kazi baadhi ya watumishi wake kwa tuhuma za kubadilisha alama za wanafunzi ndani ya mfumo wa matokeo. Hakuna aliyevunja mlango. Waliotuhumiwa walikuwa watu ambao kazi yao iliwapa njia ya kuufikia mfumo.

Matukio hayo mawili hayafanani na ile picha ya kijana aliyejifunika uso kwa kofia ya sweta, ambayo hupamba karibu kila habari ya udukuzi. Hata hivyo, ndiyo yanayoeleza vyema zaidi kile ambacho chuo kikuu hulinda na namna kinavyoweza kukipoteza. Benki huibiwa fedha, na fedha zaweza kulipwa. Chuo kikipoteza uhakika wa nani alisoma nini na alipata alama gani, hakuna bima inayourejesha. Shahada ya daktari, ya mhandisi na ya mwalimu wa sekondari husimama juu ya safu chache za tarakimu ndani ya seva.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kuimarisha usalama wa mtandao chuoni hakuanzi na kununua programu. Huanza na daftari: chuo kina vifaa gani, kina akaunti zipi, kila kimoja ni cha nani, na nakala iko wapi. Ili kuiona hoja hiyo kwa uwazi ni lazima tutoke kidogo katika kanda yetu, kwa kuwa vyuo vichache sana duniani vimekubali kuweka hadharani jinsi vilivyoshambuliwa. Viwili kati ya hivyo viko nchini Uholanzi.

Barua pepe moja, siku 69

Oktoba 15, 2019, mtu mmoja katika Chuo Kikuu cha Maastricht, kusini mwa Uholanzi, alibofya kiungo kilichokuwa ndani ya barua pepe iliyoonekana kuwa ya kawaida. Kiungo kilimpeleka kwenye faili la Excel, na faili hilo likaingiza programu hasidi katika kompyuta yake. Kesho yake kompyuta ya pili ikapatwa vivyo hivyo. Hakuna kilichozimika wala skrini iliyobadilika rangi, na watu waliendelea na kazi zao.

Wachunguzi wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Fox-IT, walioitwa baadaye, waliweza kufuata nyayo za wavamizi hatua kwa hatua. Kwa wiki kadhaa kundi hilo, ambalo katika taaluma hiyo hujulikana kwa jina la TA505, lilitembea polepole kutoka mashine moja hadi nyingine, likichora ramani ya mtandao wa chuo. Novemba 21 likaipata seva ambayo haikuwa imewekewa masasisho ya usalama. Kupitia seva hiyo likapata mamlaka kamili ya msimamizi wa mfumo, na tangu hapo lilikuwa na funguo zote.

Desemba 23, jioni ya siku ya pili kabla ya Krismasi, wavamizi waliachia programu ya utekaji, ile inayoyafumba mafaili kwa tarakimu za siri na kudai fedha ili yafumbuliwe. Seva 267 zilifungwa. Barua pepe, mifumo ya wanafunzi, hifadhi za watafiti, vyote vikawa havisomeki. Zilikuwa zimepita siku 69 tangu ile barua pepe ibofywe.

Inafaa kutua hapa na kutazama ukubwa wa mahali palipovamiwa. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mtandao wa Maastricht ulikuwa na seva 1,647 na kompyuta za kazi 7,307. Kati ya mashine zote hizo karibu 9,000, kundi lilihitaji mbili za kuingilia na moja iliyosahauliwa ya kupandia ngazi. Chuo hakikuwa maskini wala kizembe; kilikuwa na wataalamu, bajeti na programu ya kukinga virusi. Programu hiyo hata ilitoa tahadhari siku chache kabla ya shambulio. Wavamizi, wakiwa tayari na mamlaka ya msimamizi, waliiondoa tu katika seva.

Kilichokifanya chuo hicho kipige magoti ni kitu kingine. Nakala rudufu za baadhi ya mifumo muhimu zilikuwa zimetunzwa ndani ya mtandao uleule, zikifikiwa kwa funguo zilezile, nazo zikafumbwa pamoja na mafaili ya asili. Nakala inayoweza kufikiwa na aliyekuvamia si nakala. Ni faili jingine tu linalosubiri zamu yake.

Desemba 30 bodi ya chuo ililipa bitcoin 30, ambazo siku hiyo zilikuwa na thamani ya takriban euro 197,000. Bodi ilieleza baadaye kwamba njia nyingine ilikuwa kuijenga mifumo upya kwa miezi kadhaa, huku wanafunzi karibu 19,000 wakikaribia mitihani na kazi za watafiti zikiwa hatarini kupotea. Masomo yalianza tena Januari 6, na Februari 5, 2020 chuo kiliitisha mkutano wa wazi na kusimulia yote, pamoja na makosa yake chenyewe. Uamuzi wa kulipa ulilaumiwa na wengi, nami ninaona walikuwa na haki ya kuulaumu, kwa maana kila kikombozi kinacholipwa hugharamia shambulio linalofuata. Lakini wanaolaumu aghalabu husahau kwamba uamuzi huo haukufanywa Desemba 30. Ulifanywa siku ile nakala zilipoachwa mahali pabaya.

Kisa hiki kina mkia wa ajabu. Polisi waliifuata sehemu ya fedha hizo hadi katika akaunti moja nchini Ukraine na kuizuia. Ziliporejeshwa mwaka 2022, bitcoin ilikuwa imepanda thamani kiasi kwamba chuo kilipata takriban euro 500,000, kikatangaza kwamba zitatumika kuwasaidia wanafunzi wenye shida. Asiwepo mhasibu wa chuo atakayeiga mkakati huo.

Walichofanya wa Eindhoven

Miaka mitano baadaye, Jumamosi usiku ya Januari 11, 2025, zamu ya kushambuliwa ilikifikia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, kilicho umbali usiozidi mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Maastricht. Safari hii mwisho ulikuwa tofauti. Wasimamizi wa mtandao waliona mwenendo usio wa kawaida katika seva zao, wakajaribu kuuzuia, na walipoona mvamizi anawazidi mbio, wakafanya jambo ambalo wakuu wengi wa taasisi wangeliogopa: waliuzima mtandao wote wa chuo. Kulipokucha Jumapili hapakuwa na barua pepe, intaneti wala mfumo wa kujifunzia. Masomo yalisitishwa kwa wiki moja, na mitihani ikasogezwa mbele kwa wiki moja.

Wavamizi walikuwa wameingia tangu Januari 6, na walikuwa wamejaribu kuzihujumu nakala rudufu. Hawakufika. Hakuna faili lililofumbwa na hakuna kikombozi kilicholipwa.

Waliingiaje? Ripoti zilizotolewa Mei 2025 zilionyesha kwamba hawakuvunja chochote. Walikuwa na nywila halali za watu wa chuo, zilizokuwa zimevuja na kuzagaa katika masoko ya siri ya intaneti. Chuo kilikuwa kimeligundua jambo hilo mapema na kuwataka wahusika wabadilishe nywila zao. Lakini mfumo uliwaruhusu baadhi yao kuirudisha ileile ya zamani, nao wakairudisha. Aidha, huduma ya VPN, ambayo humwezesha mtu aliye nyumbani kuingia katika mtandao wa chuo kana kwamba yuko ofisini, haikuwa ikidai uthibitisho wa hatua ya pili. Nywila pekee ilitosha.

Sisi tunaotafsiri habari katika vyumba vya habari tuna sehemu yetu ya lawama katika namna mambo haya yanavyoeleweka. Kila habari ya aina hii ifikapo mezani huwa tunaandika kwamba mfumo "umeshambuliwa", na msomaji huona ukuta uliobomolewa na jeshi lililoingia. Kwa Eindhoven neno hilo linapotosha. Palikuwa na mtu aliyeokota ufunguo, akaujaribu, ukafungua.

Mwaka ule nilipokwenda kufuatilia nakala ya matokeo yangu katika chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, nilimkuta mama mmoja wa ofisi ya kumbukumbu, mtu mkarimu na mchapakazi, akihangaika na kompyuta. Nywila ya mfumo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni ya skrini. Miwani yake ilikuwa nyumbani. "Mwanangu, hebu nisaidie kuisoma hiyo," aliniambia. Nikaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mbele ya watu sita waliokuwa kwenye foleni. Ilikuwa jina la chuo na mwaka. Aliniambia kuwa ofisi nzima huitumia hiyohiyo, kwa sababu kuomba akaunti ya kila mtu huchukua muda mrefu.

Simsimulii mama huyo ili tumcheke. Laiti siku moja alama ya mtu ingalibadilishwa kupitia akaunti ile, hakuna mchunguzi ambaye angaliweza kusema ni nani kati ya watumishi wa ofisi nzima aliyeketi mbele ya skrini. Akaunti inayotumiwa na wote ni akaunti isiyo na mwenyewe. Na hapo ndipo kashfa za kubadilisha alama hupata kichaka cha kujifichia: mwenye hatia hawezi kupatikana, na asiye na hatia hawezi kujitetea.

Vifaa vya bure vyenye gharama

Turudi nyumbani. Chuo kikuu cha umma katika nchi yoyote ya kanda hii huwa na namna tatu za vifaa. Kuna vile vilivyonunuliwa kwa zabuni na kupewa namba ya mali. Kuna vilivyokuja na miradi: kompyuta za mfadhili, seva ya utafiti wa miaka mitatu ambayo mradi wake ulikwisha na mwanafunzi wa uzamivu aliyeisimamia akahitimu akaondoka. Na kuna vile ambavyo watu huja navyo wenyewe, simu na kompyuta za mkononi za wanafunzi na wahadhiri, ambavyo kwa idadi huvizidi vingine vyote. Juu ya hivyo ongeza mashine za kuchapishia, kamera za ulinzi na projekta, ambavyo siku hizi vyote ni kompyuta ndogo zenye nywila zilizotoka nazo kiwandani.

Kundi la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Seva iliyomwangusha Maastricht ilikuwa ya aina hiyo: ipo, inafanya kazi, hakuna anayeilalamikia, na kwa sababu hiyo hakuna anayeikumbuka. Chuo kinachotegemea misaada ya miradi hukusanya vifaa vya namna hii kama dari inavyokusanya vumbi.

Mfano ulio mezani sasa ni wa Windows 10. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa mfumo huo, ambao bado umejaa katika maabara za kompyuta za vyuo vyetu. Mashine haizimiki siku hiyo. Inaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila kila tundu litakalogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi. Nyingi kati ya mashine hizo haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa zimepitwa na mahitaji yake. Kwa taasisi za elimu, hata hivyo, kampuni hiyo iliweka bei ndogo ya kuendelea kupata masasisho: dola 1 ya Marekani kwa kila kifaa kwa mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu.

Kwa maabara yenye kompyuta 500, hiyo ni dola 500 kwa mwaka wa kwanza, kiasi kisichofikia bei ya kompyuta moja nzuri. Mbona basi kusiwe na haraka ya kulipa? Kikwazo si dola. Ili kulipa, chuo lazima kijue kina mashine ngapi, ziko wapi, na zipi zina leseni halali, maana anayetumia nakala isiyo na leseni hana mlango wa kupokelea masasisho hayo. Hesabu hiyo ndiyo inayokosekana. Wanaotumia mfumo huria wa Linux wamekwepa gharama ya leseni, na kwa maabara za kuandikia na kuperuzi huo ni uamuzi wa busara, lakini nazo zinahitaji mtu wa kuzisasisha, na mtu huyo anahitaji orodha.

Kinyume na dhana iliyozoeleka, chuo hakiwezi kujifunga kama benki, na hakipaswi kujaribu. Mgeni kutoka chuo kingine lazima aweze kuingia maktaba na kupata intaneti. Mtafiti lazima aweze kupeleka data zake kwa mwenzake wa ng'ambo. Ndiyo maana Waholanzi haohao walibuni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtandao wa eduroam, ambao leo humwezesha mwanafunzi wa Kampala kuwasha kompyuta yake Nairobi au Berlin na kuunganishwa kwa akaunti ya chuo chake. Nchini Uganda mtandao wa RENU, unaoviunganisha vyuo na taasisi za utafiti, umeifikisha eduroam hata nje ya kuta za vyuo, katika maeneo ya umma mjini Kampala. Kenya wana KENET, na Tanzania wana TERNET.

Huduma hiyo imeundwa kwa uangalifu: nywila ya mwanafunzi husafiri ikiwa imefichwa hadi kwenye chuo chake, na chuo mwenyeji hakiioni. Ila ulinzi huo hutegemea simu yake iwe imepangwa kukihakiki cheti cha chuo kabla ya kutoa nywila. Ikipangwa kienyeji, kwa kubonyeza "kubali" hadi ifunguke, yeyote anayeweza kuweka kituo cha bandia chenye jina la eduroam karibu na mkahawa anaweza kuzikusanya nywila. Programu ya kuipanga simu ipasavyo ipo na ni ya bure. Dakika tano za siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, foleni ya usajili ikiwa ingalipo, zinatosha.

Uwazi wa chuo unadai ulinzi wa namna nyingine, ule wa kugawa nyumba vyumba. Simu ya mwanafunzi iwe katika chumba chake, kamera na mashine za kuchapishia katika chumba chao, na mfumo wa matokeo na mishahara katika chumba ambacho hakiingiliki kutoka hivyo vingine hata kama mtu ana nywila. Jambo hili hufanywa kwa vifaa vya mtandao ambavyo vyuo vingi tayari vinavyo. Linalohitajika ni mtu mwenye ujuzi na muda, na wakuu wa idara watakaokubali kwamba mashine ya kuchapishia ya idara haitaonekana tena kutoka kila kompyuta. Hili la mwisho ndilo gumu.

Uthibitisho wa hatua mbili nao unazua mjadala usio wa lazima. Kuna wanaodai kwamba watumishi wetu hawatauweza. Watu haohao, asubuhi hiyohiyo, wametuma pesa kwa simu kwa kutumia namba ya siri ambayo hawamtajii hata mwenzi wao wa ndoa. Anayeweza kulinda shilingi 20,000 kwa namna hiyo anaweza kuyalinda matokeo ya darasa la watu 300, mradi aambiwe kwamba akaunti ile ni mali yake na kwamba jina lake ndilo litakaloonekana.

Saa zinazohesabiwa

Sheria, kwa upande wake, hazisubiri. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na ya Tanzania, iliyotungwa 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Chuo kikuu, chenye namba za vitambulisho, taarifa za afya, ada na matokeo ya maelfu ya vijana, ni mtunza data kwa maana kamili ya sheria hizo. Nchini Kenya taasisi iliyovujisha data inapaswa kumwarifu kamishna ndani ya saa 72. Nchini Rwanda ni saa 48. Nchini Uganda sheria inataka mamlaka iarifiwe mara moja.

Saa 48 ni nyingi kwa anayejua kilichoibwa. Kwa asiyeweka kumbukumbu za nani aliingia wapi na lini, hata mwezi hautoshi. Ikumbukwe kwamba Maastricht, pamoja na uwezo wake wote, hawakuwaona wageni wao kwa zaidi ya miezi miwili.

Na wasiosadiki kwamba jambo hili laweza kukiua chuo watazame Lincoln College, chuo kidogo cha binafsi katika jimbo la Illinois, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1865. Kilivuka vita viwili vya dunia na mdororo mkuu wa uchumi. Desemba 2021, kikiwa tayari kimedhoofishwa na janga la UVIKO-19, kilishambuliwa na programu ya utekaji iliyofunga mifumo ya udahili na ya kuchangisha fedha. Kililipa. Mifumo iliporejea Machi 2022, ndipo uongozi ulipoweza kuona idadi ya waliojisajili kwa mwaka uliofuata, na idadi hiyo haikutosha. Chuo kilifungwa Mei 13, 2022, baada ya miaka 157. Udukuzi peke yake haukukiua, ni kweli. Lakini ulikifumba macho katika miezi ambayo kilihitaji kuona. Vyuo vya binafsi vya kanda hii, vinavyoishi kwa ada za muhula hadi muhula, vinalijua vyema zaidi jambo hilo kuliko mimi.

Katika Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, kilichovamiwa Desemba 2019, wiki mbili kabla ya Maastricht, nywila za akaunti zipatazo 38,000 zilipaswa kubadilishwa zote. Kwa kuwa barua pepe ilikuwa imezimwa na utambulisho wa kila mtu ulipaswa kuhakikishwa ana kwa ana, wanafunzi na maprofesa walipanga foleni ndefu katika ukumbi wa michezo wakiwa na vitambulisho mkononi, kila mmoja akapewa nywila yake mpya kwenye karatasi. Foleni ile iliwezekana kwa sababu chuo kilikuwa na orodha: kilijua ni nani wake na nani si wake.

Liko swali moja ambalo baraza la chuo chochote cha kanda hii laweza kuliuliza katika kikao chake kijacho bila kutenga hata shilingi. Jumamosi saa tatu usiku, makamu mkuu wa chuo akiwa harusini na simu yake ikiwa imezimwa, ni mtumishi gani aliyeko zamu mwenye ruhusa ya maandishi ya kuuzima mtandao wa chuo chote, na atampigia nani baada ya hapo? Eindhoven walikuwa na jibu la swali hilo kabla ya usiku ule. Kama jibu ni kwamba italazimu kusubiri Jumatatu, baraza liulize la pili: nakala ya matokeo ya mwisho ilichukuliwa lini, iko katika jengo gani, na ni lini mara ya mwisho mtu alijaribu kuifungua?